Mgeni Hadi Saa Sita

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kufulia, maana hapo ndipo mfanyakazi wa hoteli ile hupita atake asitake. Villa namba saba wangelala mkandaji wa spa, mumewe na mama mkwe wake, kuanzia Alhamisi saa nane mchana hadi Ijumaa saa sita mchana. Wafua mashuka walimpigia vigelegele. Mmoja akamwuliza kama atawakumbuka akishalalia mto wa manyoya, au waanze mapema kumwandikia barua za maombi.

Usidhani hoteli ilishikwa na huruma. Pale, villa mpya hailaliwi na mgeni wa kulipa mpaka ilaliwe kwanza na mfanyakazi na watu wake, kama mchuzi wa mfalme unavyoonjwa na mtu ambaye kifo chake hakitaahirisha karamu. Waliolala hupewa karatasi ya kasoro, na sharti waandike kumi: bomba linalovuja, taa inayokonyeza, mlango unaolia. Hawaruhusiwi kutandika kitanda, wala kubeba begi, wala kuitana majina ya utani na wenzao. Kwa saa ishirini na mbili wao ni wageni na wenzao wa jana ni watumishi wao, na atakayecheka anaandikwa.

Mkandaji aliisoma orodha mara mbili, mkono wa kulia ukiwa mfukoni. Siku hizo mkono ule ulikuwa umehamia mfukoni. Kidole cha pete na kile cha mwisho havikuwa na habari na dunia, mwezi wa tano sasa. Ukivichoma sindano ni kama umemchoma jirani. Miaka kumi na mmoja ya kukanda migongo ya watu waliochoka kupumzika ilikuwa imevila taratibu. Daktari wa zahanati alimwambia aipumzishe mikono miezi sita. Ushauri mzuri, kama kumwambia samaki apumzike kuogelea. Mumewe alikuwa fundi bomba wa kuitwa, na kazi zake zilikuja kama mvua, yaani zikitaka. Mshahara wa mkandaji ndio pekee uliojua tarehe, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi huo.

Kwa hiyo alificha. Alijifunza kukandia kiwiko na kigasha pale vidole vilipogoma, na wageni wakausifia mtindo mpya. Mmoja alitaka kujua umetoka nchi gani. Nyumbani walijua wawili tu: mumewe, na mama mkwe, ambaye kila jioni alichemsha maji ya chumvi na kuviloweka vile vidole kama analoweka maharage.

"Mama, haya yasitoke nje," mkandaji alimwambia. "Watu wa nje wasijue."

Bibi alikula yamini. Siri alizofukia mwanamke yule katika maisha yake zingejaza makaburi mawili, na bado kungebaki nafasi ya jirani.

* * *

Alhamisi waliingia kwa lango la mbele. Mlinzi, ambaye kila asubuhi hupekua mkoba wa mkandaji kwenye lango la nyuma mpaka kwenye kitambaa cha jasho, alipiga saluti, akasema karibu sana madamu, kisha akatazama mawingu asije akacheka. Begi lao lilifungwa kwa kamba kwa kuwa zipu ilishafariki. Mpokezi mwenye glavu nyeupe alilibeba kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga wa watu, na bibi akamfuata nyuma akimwomba radhi na kutaka ashike upande mmoja.

Villa ilikuwa na bwawa lake dogo, bafu lisilo na paa ambamo mtu huoga akitazamwa na ndege, na kitanda ambacho kingeweza kupangishwa. Bibi alizunguka vyumba vyote ameshika mikono nyuma, asije akavunja kitu kwa bahati mbaya. Kisha akauliza wengine watalala wapi.

"Wengine wepi, mama?"

"Wa nyumba hii yote."

Alipoambiwa ni wao watatu tu, alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayemsubiri mwenye nyumba arudi aulizwe ameingiaje.

Fundi naye hakukaa kabisa. Bomba la bafuni lilikuwa likidondosha, na yeye hawezi kusikia bomba likilia akalala, sawa na mama aliyesikia mtoto. Alitoa bisibisi mfukoni, maana fundi huenda nayo hata harusini, akaingia chini ya sinki na kulikaza. Baadaye ilijulikana kwamba bomba lile lililegezwa makusudi na hoteli, kupima kama waliolala wataliona. Mtu wa matengenezo alikuja kumweleza kwa upole kwamba amewaibia kasoro yao. Ikabidi fundi alilegeze upya huku mtu wa matengenezo akimsimamia na kumwelekeza lidondoshe kiasi gani, kisha aliandike kwenye karatasi. Mkewe aligeukia dirisha. Mwanamume yule alikuwa ameomba kazi hotelini hapo mara tatu, kitengo hichohicho.

Ukutani palikuwa na maandishi kwenye fremu, na bibi, ambaye yeye na herufi hawakuwahi kusalimiana, aliomba asomewe. Mkandaji alimsomea bila hata kutazama, kwani yaleyale yaliandikwa kwenye kantini, kwenye choo cha wafanyakazi na juu ya mashine ya kufulia: hapa sisi sote ni familia moja.

"Familia moja," bibi alirudia taratibu. Akauliza kama na wakubwa wamo.

Mkandaji, akikunja nguo za safari kwa vidole vinane, alijibu kwa kucheka kwamba wakubwa ndio baba na mama. Ni mzaha tu, ule wa watu wa kantini. Bibi hakucheka. Alilichukua neno lile akaliweka mahali anapowekea mambo ya maana.

* * *

Kila villa ya majaribio ilipewa huduma moja ya spa, kwa mtu mmoja. Mkandaji aliiandikisha kwa jina la mama mkwe, kwa ajili ya magoti yake. Yeye mwenyewe alibaki villani, kwa sababu sheria ilimkataza aliyelala kujisogeza kwenye kitengo chake akajifanya mwenyeji. Saa kumi kigari cha umeme kilikuja kumchukua bibi. Aliondoka ameketi wima, akiwapungia mkono watunza bustani wote, hata waliompa mgongo.

Aliyempokea spa alikuwa mwanagenzi, binti ambaye mkandaji alimfundisha kazi tangu namna ya kukunja taulo. Siku hiyo ilikuwa ya mtihani wake. Akifaulu anaajiriwa, akianguka anarudi kwao. Nyuma yake alisimama mkuu wa spa na ubao wa alama. Huyu wafanyakazi walimwita Tabasamu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila hilo, hata siku alipowafukuza wapokezi watatu kabla ya chai.

Spa ile, kabla ya mafuta huja kadi. Mgeni huulizwa anaumwa wapi, na kila anachosema huandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Nakala moja inabaki ofisini, nyingine hupewa mgeni akiondoka, ndani ya bahasha. Kuna mwaka mgeni alisema moyo wake una shida, aliyemhudumia akaona si neno la kuandika, na mgeni akatolewa kwenye chumba cha mvuke kwa machela. Tangu hapo mkandaji aliwafundisha wanagenzi wote sentensi moja: kadi ni kinywa cha mgeni, usiking'oe hata jino. Mwanagenzi huyu aliijua kama jina lake.

"Bibi," alisema, amepiga goti kama alivyofundishwa, "tueleze ukweli wote ili tukuhudumie vizuri. Unaumwa wapi?"

Katika umri wake wote bibi hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyepiga goti. Hospitalini huulizwa amesimama, dirishani, na watu wa foleni wakimsaidia kujibu. Alimtazama binti. Alimtazama yule wa nyuma, aliyekuwa akitabasamu kama mtu mwenye nafasi ya kusikiliza mpaka kesho. Akapima. Kiapo chake kilikuwa cha watu wa nje. Na hawa kwa kauli yao wenyewe, iliyowekwa kwenye fremu, hawakuwa watu wa nje.

"Mimi, mjukuu wangu, nina uzee tu, na uzee hauna mafuta. Zamu yangu mpeni mkwe wangu. Anawakanda watu mchana kutwa, yeye hana wa kumkanda. Vidole vyake viwili vya kulia vimekufa ganzi, mwezi wa tano huu. Anashika kikombe kinamtoka. Ananificha machozi, lakini mimi namwona. Mtazameni, ninyi ni wenzake."

Kalamu ilisimama. Mwanagenzi aligeuza shingo, akamwangalia mkuu wake kwa macho ya mtu anayeomba taa izimike kidogo.

"Andika," Tabasamu alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Kwa maneno yake."

* * *

Kigari kilirudi bila bibi, na dereva akamwambia mkandaji kwamba mzee amemwachia zamu. Mkandaji alimwuliza mara mbili, kisha akapanda. Tangu aolewe hakuwahi kupewa na mtu kitu ambacho mwenyewe alikihitaji. Alipofika alimkuta bibi chumba cha mapumziko, miguu ndani ya beseni la maji yenye maua, uso wote umekunjuka. Bibi alimwambia akalale, wamemwahidi watamtazama vizuri.

Alilala kifudifudi kwenye kitanda ambacho miaka yote amesimama kando yake. Kumbe mgeni akiingiza uso kwenye tundu huona bakuli la maua sakafuni. Bakuli lile alilipanga yeye kila asubuhi, na ndiyo kwanza alione kutoka upande unaostahili. Ua moja lilikuwa limekaa vibaya. Aliwaza atalirekebisha Jumamosi.

Mwanagenzi alianza kwa ncha za vidole, akipumua juujuu. Mkandaji alimwambia chini kwa chini, asisikike, apunguze pumzi na aanze na viganja vizima, mtihani hauumi. Binti alipofika kwenye mkono wa kulia aliushika tu, hakuukanda. Aliushika kama watu wanavyoshika mkono kwenye matanga.

Kisha mlango ukafunguka, na mkandaji alivijua viatu kabla ya sauti. Tabasamu alimwomba ageuke, alale chali, afumbe macho. Alisema ni zoezi dogo la mawe, lile analolijua. Analijua ndiyo, ndiye aliyekuwa akiwafanyia wengine. Jiwe moja la moto, moja la baridi, na mkandaji hutaja lipi ni lipi, kwa kuwa asiyejua joto la jiwe atamwunguza mgeni.

"Natumia kidole cha pete na cha mwisho," Tabasamu alisema. "Niambie lipi."

Mkandaji alitega. Alisikiliza kwa vidole, halafu kwa masikio, halafu kwa maombi. Alisikia maji yakichuruzika kutoka kwenye jiwe, akasikia mwanagenzi akivuta kamasi. Moja kwa mbili, alijiambia. Hata mjinga hupatia nusu.

"La moto."

Kalamu ilikwaruza kwenye ubao wa alama.

"Bado sijaweka," Tabasamu alisema.

Mkandaji alifumbua macho. Mawe yote mawili yalikuwa kwenye trei, yakitoa mvuke na umande kila moja kwa upande wake. Alianza kueleza jambo la kiwiko na kigasha, na wageni wanaomtaja kila msimu, na kwamba miezi sita tu, hata minne. Mkuu wake aliinua kiganja kumzuia, kwa adabu.

"Dada, hadi kesho saa sita wewe ni mgeni wetu. Mgeni haongeleshwi mambo ya kazi. Furahia villa."

* * *

Alifurahia. Chakula cha jioni kililetwa chini ya vifuniko vya fedha na mwenzake wa kantini ambaye hakumtazama usoni, na ndipo alipojua kwamba habari imeshakula kantini kabla yake. Bibi alionja kila kitu kwa ncha ya kijiko, akauliza kama wamemtazama vidole. Mkandaji alisema wamevitazama sana.

Usiku ule bibi alilala kwenye zulia, kitanda kilimfanya ahisi anazama. Asubuhi mkandaji alikitandika kitanda kwa mazoea, akakumbuka sheria, akakivuruga. Mumewe alikaa barazani na karatasi ya kasoro. Alikuwa na tisa. Ya kumi ilikuwa haionekani, na hofu yake ilikuwa kwamba wakirudisha tisa itaharibu sifa ya mkewe kazini. Alimwuliza mara tatu: wewe unayejua hoteli, hakuna kitu kilichoharibika humu? Mkewe alitazama bwawa. Alimwambia aandike kwamba kuna ua limekaa vibaya spa.

"Hilo ni kasoro?"

"Andika tu, mume wangu."

Saa sita kasoro dakika mbili Tabasamu alifika, akasimama nje ya mlango, akatazama saa yake. Hakuingia. Alipohakikisha dakika zimetimia aliwashukuru kwa kulala hotelini, akapokea karatasi ya kasoro kumi na kuipongeza, kisha akamkabidhi mkandaji bahasha ya kahawia kwa mikono miwili. Mkataba hautaendelea. Sare arudishe chumba cha kufulia, zote tatu, zikiwa zimepigwa pasi. Yote yalisemwa na lile tabasamu juu yake, limetulia kama kifuniko kwenye sufuria.

Nyuma yake alikuwa mwanagenzi, ameshika bahasha nyeupe yenye utepe, ya mgeni wa spa. Alimpa bibi, akapiga goti tena.

"Umefaulu?" mkandaji alimwuliza.

"Nimefaulu, dada."

"Uliandika vizuri?"

Machozi yalimtoka binti pale alipo, mbele ya ubao wa alama. "Kama ulivyonifundisha."

Mkandaji aligeuza macho kwa bahasha nyeupe, kwa mama mkwe aliyekuwa akiupapasa utepe kwa kidole, kwa bahasha yake ya kahawia. Alielewa yote kwa mpigo mmoja, na akamfunga binti kifungo cha sare kilichoachia, kwa mkono wa kushoto.

* * *

Saa sita ikishapita hakuna lango la mbele. Walitokea nyuma, wakipita mapipa ya takataka na mashine zinazonguruma, na mlinzi akalipekua begi la kamba mpaka chini. Bibi alitangulia barabarani na bahasha yake, akitembea kama mtu wa miaka hamsini. Mkandaji akatumia nafasi hiyo kumwambia mumewe.

Fundi alisimama katikati ya njia. Alitaka kujua nani amesema. Mkewe alimwambia vidole vyenyewe vimesema. Hakukubali. Vidole havina mdomo, alisema. Hapo kuna mtu, na tena ni mtu wa karibu, kwa kuwa mtu wa mbali angejuaje? Alianza kuwahesabu: wa kantini, yule binti mwenye machozi ya mamba, jirani wa mlango wa pili mwenye masikio ya sungura.

"Nitamjua tu," alisema. "Na nikimjua, hatakaa chini ya paa moja na mimi hata dakika. Naapa."

"Usiape," mkewe alimwambia. "Tembea."

Nyumbani, chumba na nusu chao kilikuwa kimepungua tangu jana. Bibi hakupumzika. Alichemsha maji, akatia chumvi, akaweka bakuli mbele ya mkwe wake na kumtaka avitumbukize. Aliuliza wamesemaje huko kazini, watamtibu? Mkandaji aliingiza vidole viwili kwenye maji ambayo hakujua ni ya moto kiasi gani.

"Wamenipa mapumziko, mama. Marefu."

"Unaona?" Bibi alijipiga mapaja kwa furaha. "Mtu akikuuliza kwa adabu, mjibu. Wewe umekazana kunyamaza."

Neno hilo lilimpita fundi bila kumgusa; alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtafuta adui yake kwa mawazo. Bibi akachomoa ile karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa nzuri kweli: nene, pembe zimekatwa kwa duara, mapambo ya dhahabu pembeni, na katikati mwandiko safi wa binti mwenye mtihani. Maishani hakuwahi kupewa karatasi isiyokuwa ya kumfukuza mahali au kumdai. Alimpa mwanawe.

"Nisomee. Wameniandika nini?"

Fundi aliipokea bila hamu. Macho yake yakashuka mstari wa kwanza, wa pili. Yakasimama. Mimi nina uzee tu. Zamu yangu mpeni mkwe wangu. Yakashuka tena polepole mpaka chini, kisha yakarudi juu, kana kwamba mara ya pili mwandiko ungekuwa na huruma. Uso wake ulitoka rangi. Alifungua kinywa. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amekaa mikono mapajani, kilemba cha safari bado kichwani, akisubiri kusifiwa.

Halafu akamtazama mkewe. Mkewe alitikisa kichwa mara moja, kidogo tu, na maji kwenye bakuli hata hayakutikisika.

"Wanasema karibu tena, mama."

"Mistari yote hiyo?"

"Wamesema kwa kirefu."

Bibi alicheka. Akauliza kama wameandika vizuri, na mwanawe akasema vizuri sana, neno kwa neno. Basi isikae kwenye bahasha, bibi alisema, itakunjika. Ibandikwe pale juu ya rafu ya vikombe, atakayeingia aione kabla hata hajaketi.

Fundi alinyanyuka, akaanza kutafuta msumari.